Sauti Isiyoandikika

Kinaya ni kunena jambo na kukusudia kinyume chake. Kikinenwa, sauti huvutwa, jicho hukonyeza, na msikilizaji hufahamu mara moja. Kikiandikwa, sauti na jicho hubaki kwa mwandishi. Yamfikiayo msomaji ni maneno matupu.

Nilijifunza hayo kwa fedheha. Nilipokuwa nikifundisha Kawangware, magharibi ya Nairobi, mwanafunzi mmoja aliniletea insha ya mistari mitatu. Niliandika chini yake kwa wino mwekundu: "Hongera kwa bidii yako kubwa." Siku chache baadaye mama yake alikuja kunishukuru, daftari mkononi, na mtoto kando yake akitabasamu. Nilijibu, "Ahsante, mama," nikainamisha uso.

Tangu hapo nasoma michezo ya kuigiza ya zamani kwa hadhari. Ukumbi wa Kenya National Theatre, uliofunguliwa jijini mwaka 1952, ungali umesimama, lakini sauti za waliocheza humo siku zile zimekwenda na upepo. Mwaka 1957 ulichapishwa mchezo wa Henry Kuria, *Nakupenda, Lakini...*, alioutunga akiwa mwanafunzi wa Alliance High School huko Kikuyu. Tazama nukta tatu za anwani hiyo. Ni ishara ndogo, lakini zinatuonya kwamba lililosemwa silo lote. Kicheko cha watazamaji wa kwanza hakikuandikwa, nukta zimebaki.

Basi asomaye mchezo wa kale ni kama hakimu: hana budi kutafuta mashahidi. Nani anasema, na anamwambia nani? Je, vitendo vyake vyaafikiana na maneno yake? Mwenzake amjibu vipi? Mtu akimwita mwingine "rafiki yangu" huku akificha fedha, mkono wake umetoa ushahidi. Pasipo shahidi, tusibuni kicheko tusichokisikia.

Nawe uandikapo kinaya, mwachie msomaji shahidi ndani ya ukurasa. Mimi sikumwacha. Lau daftari lile lingeokotwa baada ya miaka mia, mtaalamu angeandika kwamba palikuwa na mwanafunzi hodari na mwalimu mwema. Nani angemkosoa? Ushahidi wote ungekuwa upande wake.

Mwanafunzi yule aliongeza bidii kweli. Mwalimu ndiye aliyebaki na deni.