Usilipe Kwanza

Kitengela

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenisimulia yote kwa simu, kuanzia ule usiku laini yako ilipokufa hadi juzi ulipoambiwa dirishani kwamba mkopo wa pampu hautoki kwa sababu jina lako liko CRB, kwenye kumbukumbu za wasiolipa, kwa mkopo wa simu ambao hukuuchukua. Akamalizia kwa ushauri ambao naona nyumba nzima imeshaukubali: alipe tu yaishe. Elfu thelathini na nane, anasema, si pesa ya kumwangusha mtu. Nyanya zikishika bei msimu mmoja imerudi.

Mimi nakuandikia kukwambia usilipe. Usilipe hata ile mia tano ya "kuonyesha nia njema" ambayo yule kijana wa kudai madeni anakubembeleza uitume kila asubuhi. Unajua nimekaa kwenye dawati la mikopo la SACCO mpaka nywele zikageuka rangi, kwa hiyo sauti kama ya kijana huyo naifahamu. Anachotafuta si mia tano. Anataka ulipe kidogo, kwa sababu mtu akishalipa kidogo amekiri deni, na baada ya hapo hakuna atakayekaa kukusikiliza ukisema hukukopa. Halafu kuna hili ambalo mama yako hajaambiwa: ukilipa, rekodi haifutiki. Inabadilika tu kutoka kwa mtu aliyeshindwa kulipa ikawa ya mtu aliyelipa baada ya kushindwa, na hubaki hivyo miaka 5 tangu siku ya kulipa. Utakuwa umenunua doa kwa pesa yako mwenyewe.

Najua kuna jamaa waliokwambia ungoje serikali ipunguze. Wanakumbuka mpango uliotangazwa na Benki Kuu Novemba 2022, ambapo benki zilikubali kupunguza angalau nusu ya mikopo midogo ya simu iliyokuwa imekwama. Mpango huo uliisha Mei 2023, na hata ungekuwepo leo usingekuhusu. Ule ulikuwa wa waliokopa.

Sasa, kabla hujaandika barua yoyote au kukanyaga kituo cha polisi, nina swali ambalo utalichukia. Nani anajua namba yako ya siri? Simaanishi matapeli. Namaanisha yule kijana anayekusaidia kupakia kreti, binamu yako anayekununulia bando, yule broka uliyewahi kumpa simu akutolee pesa kwa wakala mikono yako ikiwa na tope. Dawatini kwangu nimeona "wizi wa mtandao" mwingi ambao mwizi wake alikuwa anakula chakula cha jioni meza moja na aliyeibiwa. Jiulize leo, peke yako, kwa sababu benki watakuuliza, na ukienda kuapa kwa polisi jambo ambalo moyoni unajua si hivyo, kutoa habari za uongo kwa ofisa wa umma ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Jibu likiwa ni mtu wa nyumbani, nipigie kabla ya kufanya lolote. Njia yake ni nyingine.

Lakini kwa jinsi nilivyosikia, sidhani ni mtu wa nyumbani. Laini ilikufa Jumamosi jioni, ukadhani ni mtandao wa huko kwenu Kimana tu umelala kama kawaida yake. Jumatatu ukaenda kwa wakala akakurudishia laini. Mkopo, kwa mujibu wa benki, ulitoka Jumamosi hiyohiyo usiku. Huo ndio mtindo wa watu wanaobadilisha laini: wanasajili kadi mpya kwa namba yako, simu yako inazimika, yao inawaka, na kwa muda mfupi wao ndio wewe. Kupata nambari yako ya kitambulisho hakuwapi shida. Fikiria vitabu vyote vya askari wa geti ambavyo umeandika jina, kitambulisho na simu hapa Kitengela pekee, kila ulipokuja kunitembelea.

Zamani kidogo jambo hili lisingewezekana, si kwa kuwa watu walikuwa wema, ila mkopo ulikuwa na uso. Mwanachama alikuja kwetu na wadhamini wake, wakakaa kwenye benchi, nikawatazama. Tangu huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, na nyingine zilizofuata, mkopo umekuwa kitu cha dakika moja, bila mtu wa kumtazama mwingine. Sisemi ni vibaya. Wewe mwenyewe ulianza biashara ya nyanya kwa mikopo ya aina hiyo, na ukailipa yote. Ninachosema ni kwamba pale ambapo hakuna uso, benki inabaki na alama tu za mashine, na alama hizo ndizo unazotakiwa kuzidai.

Unakumbuka tembo walipovunja uzio wakaingia kwenye nyanya? Baba yako alikataza mtu yeyote kung'oa hata mche mmoja mpaka maofisa wa wanyamapori wa KWS waje waone nyayo. Hapa pia nyayo zipo. Mkopo una saa yake na dakika yake. Una simu ulikoombewa, na kila simu ina namba yake ya IMEI, ambayo hapa haitakuwa ile ya simu yako. Pesa zilipoingia zilikwenda mahali: zilitumwa kwa mtu, au zilitolewa kwa wakala mwenye namba na mji wake. Kama zilitolewa mji wa mbali saa tatu usiku, na wewe saa hiyo ulikuwa Kimana na watu wa lori wakikuona ukihesabu kreti, hapo una kesi. Kwa hiyo anza na kampuni yako ya simu. Omba kwa maandishi wathibitishe laini yako ilibadilishwa siku gani, saa ngapi, na wapi, kisha uombe taarifa ya pesa zako za simu kwa mwezi ule wote. Ukiwa na karatasi hizo mbili, nenda polisi, uandikishe kwenye OB, kitabu chao cha matukio, uchukue na abstrakti. Waambie ni suala la Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao ya 2018, wasije wakakuandikia "kupoteza laini" halafu wakakuaga.

Ndipo uandike kwa benki. Andika Kiswahili ukitaka, ni lugha rasmi kwa Katiba. Usieleze maisha yako. Sema mkopo huo huutambui, hukuuomba wala hukuupokea, na unataka waonyeshe uliombwa vipi: saa, kifaa kilichotumika, walivyohakikisha kwamba aliyeomba ni wewe, na pesa zilikokwenda. Uliza pia ile notisi. Kanuni zinaitaka benki ikupe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako CRB kwa mkopo uliokwama. Watasema walikutumia ujumbe wa simu, na huenda ni kweli. Mama yako ananiambia ulipata jumbe za deni ukazifuta ukidhani ni matapeli, na sikulaumu, kwani zimefanana na zao kama mapacha. Basi usibishane sana juu ya notisi. Ujumbe unaosema unadaiwa hauthibitishi kwamba ulikopa, na hapo ndipo ubishi wako ulipo.

Ipeleke mwenyewe tawini na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Huyo meneja anayekwambia "tutalishughulikia, rudi Ijumaa" mwambie asante, halafu mpe karatasi agonge. Na wakikujibu kwa sentensi moja kwamba "mfumo unaonyesha" mkopo ni wako, usitishike. Kule Uingereza, posta yao iliweka mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon mwaka 1999, na kwa miaka mingi mfumo huo ulionyesha kwamba wenye vibanda vya posta walikuwa wanaiba. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa. Wengine walijazia pesa za mifukoni mwao ili hesabu ikae sawa, wakidhani ndivyo yataisha, wengine walifungwa. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2019 kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na ikabidi Bunge lao litunge sheria mwaka 2024 ya kufuta hukumu hizo. Mfumo huonyesha kilichoingizwa ndani yake, na usiku ule aliyeingiza ni mwizi.

Siku ileile ya barua ya benki, andikia na CRB. Zipo ofisi tatu zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Aliyekunyima mkopo kwa sababu ya ripoti anapaswa kukutajia ripoti ilitoka ofisi gani. Lakini omba ripoti yako kwa zote tatu, una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, uone isije ikawa kuna mikopo mingine chini ya jina lako ambayo hujaambiwa. Hawa hawakukukosea, wao huandika wanacholetewa. Ila ukipinga kwa maandishi, wanapaswa kuweka alama kwamba habari hiyo inabishaniwa na kuirudisha kwa benki ichunguzwe, na benki isipoweza kuitetea, irekebishwe. Alama hiyo ya ubishi ni muhimu kwako sasa hivi, maana ofisa mwingine wa mikopo akiisoma ataona jambo ambalo halijaisha, si mdaiwa sugu.

Katika barua zote mbili weka Kifungu cha 35(2) cha Katiba. Ni kifupi: kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema hivyohivyo kwa marefu zaidi. Watu wengi wanaisikia sheria hiyo pale tu wakopeshaji wa mtandaoni wanapotozwa faini kwa kuwapigia simu jamaa za mdaiwa, kama ile kampuni iliyotozwa karibu milioni 3 mwaka 2023. Lakini deni la uongo lililoandikwa kwa jina lako ni data yako pia.

Benki wakinyamaza, usirudi dirishani kuomba. Peleka nakala zako Benki Kuu, kwa kuwa ndiyo inayowasimamia, na lalamiko jingine kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye kisheria ana siku 90 za kulimaliza. Mwisho kabisa kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi milioni 1, wakili si lazima, na hukumu inatakiwa kutoka ndani ya siku 60. Sikusukumi huko. Nimeona benki zikitafuta suluhu mara tu zinapogundua mtu ana faili iliyopangwa, na ningependa yako iishie hapo.

Jambo la pesa zako za sasa. Kama bado unapokelea malipo ya nyanya kwenye akaunti ya benki ileile, acha leo. Nasikia walishakata elfu mbili na kitu ulipolipwa na broka. Itaje kwenye barua, useme hukuidhinisha, wasije wakaihesabu kuwa umeanza kulipa. Fungua akaunti mahali pengine mpaka hili liishe, na usiifunge ya zamani, kwa maana taarifa zake utazihitaji.

Na mama yako, ambaye laini yake ni ya Safaricom, mwambie apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, kisha *100*100# ili laini yake isibadilishwe kienyeji. Amekuwa akicheka mambo haya kwamba ni ya vijana.

Kuhusu pampu, zungumza na yule jirani yako wa mferejini akukodishie yake kwa zamu msimu huu. Najua hampatani tangu yale mambo ya maji, lakini miche haitangoja CRB.

Rasimu ya barua ya benki iandike kwa mkono kwanza, uipige picha, unitumie niisome. Usiitume kwao kabla. Ukiwa na hasira unaandika marefu, na marefu ndiyo hutafutiwa neno la kukukamata.

Msalimie baba yako, na mwambie zile nyayo nimezitaja.

Mjomba wako