Herufi Nyuma ya Jina

Ukipita, msomaji, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, toka Shauri Moyo na Kaloleni hadi Jericho, Buruburu, Umoja na Kayole, utaona vibao vingi. Kipo cha fundi cherehani, kipo cha kinyozi, kipo cha zahanati, na kipo cha chuo kilicho juu ya duka la nyama. Katika vibao hivi aghalabu jina la mtu halisimami peke yake. Mbele lina Dkt. au Prof.; nyuma linaburura herufi kama tiara linavyoburura mkia. Mimi ni mkazi wa Jericho, na vibao hivi nimevisoma miaka mingi. Napenda tufikiri pamoja juu ya herufi hizo, ni mali ya nani, na mahali pake ni wapi.

Lugha yetu imelipa jambo hili jina zuri. Shahada ni ushahidi, na mtu hajishuhudii mwenyewe. Hushuhudiwa na wale waliompima. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilidumu toka 1963 hadi 1970. Kijana aliyefuzu Makerere, Nairobi au Dar es Salaam katika miaka hiyo aliweza kuandika B.A. (E.A.) baada ya jina lake, na mabano yale yalimwambia kila asomaye shahidi ni nani. Naipenda sana desturi ya mabano. Wengi wameiacha, na sasa twaonyeshwa ushahidi pasipo shahidi. Shahada ya juu kabisa tumeiita uzamivu, neno la watu wa baharini: mtu amezama, amekaa chini, ameibuka na kitu mkononi. Anayeisomea bado yumo majini, na kwa hiyo hajawa Dkt.

Kanuni zenyewe si nyingi. Dkt. hukaa mbele, Ph.D. hukaa nyuma, lakini vyote viwili havimzunguki mtu mmoja katika mstari mmoja. Profesa humeza Daktari kwa desturi ya Kenya, ingawa Wajerumani huandika vyote viwili. Herufi za nyuma hupangwa kwa kupanda: B.A., kisha M.A., kisha Ph.D. Zafaa katika barua ya kazi, katika kitabu, na katika orodha ya walimu wa chuo. Kadi ya harusi si mahali pake, ijapokuwa nimepata kusoma moja ambayo baba wa bibi arusi alikuwa na herufi nyingi kuliko jina lake. Na mtu akijitambulisha kwa mdomo, hutaja jina lake tu, akawaachia wengine waongeze heshima wakitaka. Idi Amin wa Uganda alijitwalia VC, DSO, MC na CBE, na hii ya mwisho kwake ilikuwa na maana ya mshindi wa Dola ya Uingereza. Dunia ilicheka, waliokuwa ndani ya Uganda walicheka kwa siri.

Mpaka hapa waweza kuniambia kuwa haya ni mambo ya adabu tu. Laiti yangalikuwa hivyo.

Kwetu neno daktari lina upana. Muuguzi, tabibu wa kliniki, hata mwuza dawa, wote huitwa daktari na mama aliyembeba mtoto mgonjwa, naye huwaita hivyo kwa heshima na kwa shida yake. Hana kosa. Kuitwa ni hisani ya anayekuita. Kujiandika ni dai, na dai lina mtu wa kulijibia. Jirani yangu mmoja alimpeleka mwanawe mwenye homa, usiku, katika chumba chenye kibao kipya. Kibao kilisema Dkt., na nyuma ya jina zilikuwapo herufi nne ambazo mama huyo hakuzijua, na kwa kutozijua alizidi kuziamini. Mtoto alidungwa sindano. Homa ilishuka, lakini mguu wa kulia ukalegea. Baadaye ilijulikana kuwa herufi zile zilitokana na mafunzo ya majuma machache, na kuwa mwenye chumba hakuwamo katika daftari la madaktari, wala la matabibu, wala la wauguzi. Mtoto yule sasa ana miaka 11 na huchechemea akienda shule.

Basi yafaa ujue hili. Daktari wa tiba aliyefunzwa Nairobi huandika M.B.,Ch.B., nayo ni shahada ya kwanza, Dkt. wake ni heshima ya kazi yake. Daktari wa falsafa ana uzamivu, na hawezi kukupa hata kidonge. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno lina daftari ambalo mwananchi yeyote aweza kulitazama. Kumwomba mtu leseni yake si ufidhuli.

Iko pia shahada ya heshima, ambayo hutolewa pasipo mtihani, na ambayo kwa desturi haimfanyi mtu ajiite Dkt. Mfano wake tunao hapa hapa. Tom Mboya alifunzwa ukaguzi wa afya, kisha akasoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, toka 1955 hadi 1956. Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Howard, Marekani, kilimtunuku udaktari wa heshima wa sheria. Mwaka 1961 aligombea kiti cha Nairobi Mashariki dhidi ya Dkt. Munyua Waiyaki, daktari wa tiba wa kweli, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mboya alipata kura zaidi ya 31,000. Mpinzani wake hakufikia 3,000. Wazee wa Kaloleni humtaja hata leo kwa herufi mbili, T.J., ambazo ni za majina yake mwenyewe. Sijapata kumsikia hata mmoja akisema Daktari Mboya. Aliuawa tarehe 5 Julai 1969, na barabara aliyopewa katikati ya jiji ina jina lake tupu.