Funguo za Mzee

Mwaka jana nilimnyang'anya baba funguo za gari. Neno la heshima kuliko hilo sina.

Gari lenyewe ni Land Cruiser pikapu, hizi tunazoziita mkonga, la mwaka 2001. Alilinunua mnadani alipostaafu ubwana shamba. Siku hiyo nilikuwa nimetoka Dar, akaja kunipokea Iringa twende Mafinga. Barabara ile ni ya malori ya Zambia na Kongo. Kila mzee akigusa breki, gari linachomoka kuelekea katikati ya barabara, naye analirudisha kwa usukani. Ana miaka 74. Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Baba, imetosha." Akaweka funguo mezani, akasema sentensi moja tu: "Linalovuta ni gari, siyo mimi."

Nikaona ni ubishi wa uzee. Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi yangu ni kusikiliza upande wa pili kabla ya kuandika. Siku ile nilishahukumu tangu njiani.

Baada ya wiki nikaliendesha mwenyewe hadi kwa fundi mmoja pale Ipogolo, alikague tuliuze. Kwenye mteremko nikagusa breki. Likanivuta. Nina miaka 36 na macho yangu ni mazima.

Fundi hata hakuangalia shokapu. Aliingia chini, akachomeka mtaimbo kati ya amu na ekseli, akasukuma kidogo, chuma kikacheza. "Bushi zimekwisha, dada. Njoo uone mwenyewe."

Kwenye gari hili ekseli ya mbele inashikwa na amu mbili ndefu. Kila amu ina bushi tatu: mbili upande wa ekseli, moja kwenye chesisi. Bushi ni bomba la chuma ndani ya bomba lingine, katikati yake mpira. Mpira ukichanika, ekseli inasogea ukifunga breki, na ikisogea zaidi upande mmoja, gari linageuka bila wewe kugeuza usukani. Za mzee zilikuwa zimepasuka kama visigino vya kiangazi.

Alifungua amu moja moja ili ekseli isijizungushe. Bushi za zamani akazitoa kwa presi. Moja iligoma, akaikata kwa msumeno wa chuma. Mpya zikaingia. Nikamuuliza mbona bolti hajazikaza.

"Likiwa kwenye jeki sikazi. Mpira umeshikana na chuma. Ukikaza likiwa linaning'inia, ukilishusha mpira unabaki umejinyonga, haukai. Lishuke kwanza, libebe uzito wake, ndiyo nikaze."

Nikauliza tatizo lilianza lini.

"Bushi haifi siku moja. Mzee amekwenda nalo hivyo hivyo, akazoea."

Hapo ndipo niliposhindwa kumwangalia usoni. Kumbe ile niliyoiita mikono iliyochoka ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi ya mpira, kwa muda ambao hakuna anayeujua, na ilikuwa imetufikisha nyumbani salama.

Nilirudi Mafinga, nikaweka funguo mezani palepale. "Baba, nisamehe. Lililokuwa linavuta ni gari." Hakujibu. Akachukua kofia, tukatoka.

Na sasa kila akigusa breki, gari likawa linakwenda kushoto kidogo. Mikono yake ilikuwa bado inalizuia lisiende katikati, wakati gari lenyewe halivuti tena. Nilitaka kusema kitu, nikanyamaza. Siku ya tatu lilikuwa limenyooka.

Mwezi huohuo nikampeleka kupima macho. Akaandikiwa miwani, na daktari akasema anaweza kuendesha mchana. Usiku, hapana. Kwa hiyo wasiwasi wangu haukuwa wa bure kabisa. Ila hilo alilisikia kwa aliyempima, na jioni ile alinipa funguo mwenyewe bila kuombwa.