Mistari Miwili Baada ya Safari ya Mpanda

Mlio kwenye ndoa mnajua, ukisikia "mistari miwili" akili inakimbilia kwenye mimba. Kwetu Arusha mistari miwili ilileta ugomvi wa aina nyingine kabisa, na nusura mama mkwe aninunie moja kwa moja.

Mume wangu ni mtoto wa Mpanda, kule reli ya kutoka Tabora inakoishia. Kila likizo lazima twende, na tukirudi tumejaza mabegi migebuka ya Karema na asali ya Inyonga. Mwenzangu anajiona ana mkataba na mbu wa kwao. "Malaria nimekua nayo, mke wangu. Wewe ndiye wa kumeza vidonge vya kinga." Basi mimi nikalala kwenye neti, yeye akikesha sebuleni na wadogo zake wakiangalia mpira, mara nyingi usingizi unampitia hapo hapo kwenye kochi.

Ila kinga ile ya ukubwani hudumu kwa mtu anayeambukizwa mara kwa mara. Bwana huyu amekaa Arusha miaka 8, mji wa baridi ambako malaria ni kidogo mno. Damu yake ilishakuwa ya mgeni.

Siku ya tatu baada ya kurudi akaanza kutetemeka. Jioni ile ile tukaenda zahanati ya jirani. Tone la damu kidoleni, dakika 15, mstari mmoja. "Huna malaria, ni uchovu wa safari," mpimaji akasema, wala hakuuliza tumetoka wapi. Jamani, hilo si lilikuwa swali la kwanza?

Kipimo cha haraka, kile wanachokiita mRDT, hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta protini anayoiachia kwenye damu. Homa ikiwa changa na vimelea vikiwa vichache, pengine chini ya 100 au 200 kwa mikrolita moja ya damu, mstari wa pili unaweza usionekane kabisa. Ndiyo maana kwa mtu aliyetoka safari yenye malaria, madaktari hushauri kurudia kipimo kila baada ya saa 12 hadi 24, mpaka mara tatu, kabla ya kusema hana. (Kuna hata vimelea ambavyo havitoi protini hiyo. Eritrea vilikuwa vingi hadi ikabidi ibadilishe vipimo mwaka 2016.)

Asubuhi nikamwambia twende tena, safari hii hospitali. Akawa mbogo. "Unanitafutia ugonjwa?" Akampigia mama yake, nami nikapewa simu. "Eti mkwe wangu, kumbe kwetu ndiko kwenye magonjwa?" Nilimeza mate. Sikumjibu, nikachukua funguo za gari.

Mistari miwili. Wakachukua na damu ya kuangalia kwa hadubini, wakavihesabu vimelea, akaanzishiwa mseto: vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24. Kwenye gari alikuwa kimya kama maji ya mtungini.

Mngedhani yameisha. Wiki tatu baadaye akapata mafua na homa kidogo, na sasa ndiye aliyekimbilia kupima, dukani kwa muuza dawa. Mistari miwili tena! Akarudi na boksi la mseto mkononi, uso umemshuka, anasema dawa ya kwanza ilikuwa feki. Nikamzuia asimeze. Protini ile hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo kwa mtu aliyetoka kutibiwa kipimo hiki kinaonyesha malaria ya jana. Anayeweza kutofautisha ni mtu wa hadubini. Tukaenda, hakukuonekana hata kimelea kimoja. Ilikuwa mafua tu, yakaisha kwa chai ya tangawizi.

Mama mkwe nilimpigia mwenyewe. "Mama, kwetu au kwenu hakuna neno. Tatizo ni huyu mwanao asiyelala kwenye neti." Kimya kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Huyo? Tangu mtoto alikuwa anaipiga mateke!"

Juzi amepiga simu kuuliza tunafika lini. Sebuleni, anasema, ameshafunga neti juu ya kochi.