Mama Alipanda Maharage Mara Mbili

Mimi ni bwana shamba. Nafanya kazi Kibondo, lakini kwetu ni Kasulu. Mama yangu anaishi huko. Umri wake umepita miaka 70.

Mama alinifundisha kuchagua mbegu za maharage kabla sijaenda chuoni. Wanawake wengi walikuja kwake kuomba mbegu.

Msimu mmoja nilikwenda likizo. Nilimkuta mama anapanda maharage katika shamba alilolipanda jana yake. Nilimkaripia, "Mama, unaharibu mbegu!" Alinyamaza, akanitazama kama mgeni.

Baadaye alipotea njia ya kisimani, njia aliyoizoea tangu ujana. Usiku alitoka nje akazunguka. Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema yeye ndiye mchawi. Niliogopa sana. Maneno kama hayo yameua wazee wengi katika nchi yetu.

Tulimpeleka hospitali. Presha yake ilikuwa juu. Daktari alituambia kuwa mama ana ugonjwa wa ubongo, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Si uchawi, wala si uzee tu.

Wagonjwa wa namna hii wako wengi. Mwaka 2009 na 2010 wataalamu waliwapima wazee wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Katika kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, karibu 6 walikuwa na ugonjwa huu.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini hatari yake inaweza kupunguzwa. Pima presha. Ukipewa dawa ya presha, usiache kuimeza. Acha sigara. Punguza pombe. Usimwache mzee akae peke yake siku nzima. Tena, ipe akili kazi. Wataalamu wameona kuwa watu waliosoma hawapatwi sana na ugonjwa huu. Basi wewe unayesoma gazeti hili, endelea kusoma.

Siku hizi simkaripii mama. Nikifika nyumbani namwekea ungo wa maharage. Mara nyingine hulisahau jina langu. Lakini mikono yake bado huchagua mbegu nzuri na kutupa mbovu. Tunakaa pamoja, tunachagua.

Ndugu, mzee wako akianza kusahau, usimcheke. Usimwite mchawi. Mpeleke hospitali, kisha kaa naye.