Safari ya Mji Mkongwe wa Unguja



Mwezi uliopita nalivuka bahari toka Dar es Salaam kwenda Unguja, pamoja na vijana sita wa darasa langu na mwalimu mmoja wa shule. Najua baadhi yenu mmekwisha kufika huko. Basi nawaandikia wale wa bara ambao hawajavuka.

Mji wenyewe ni mdogo. Toka Shangani hata Malindi mtu haendi nusu saa kwa miguu, asipopotea. Na kupotea ndiyo ada ya mgeni, maana njia zote ni vichochoro. Penye baraza moja twalimwamkia mzee aliyeketi na tasbihi yake, naye akatukaribisha. Akatueleza jinsi nyumba zile zilivyojengwa: kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari huchukuliwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Kwa hiyo vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. "Ukuta wa chokaa hupumua, mwanangu," akaniambia. "Ukiupaka saruji, maji hubaki ndani, nao ukaoza kama jino."

Maneno yake nalikumbuka tulipofika mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja ulianguka, na watu wawili wakafa. Mji huu uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000, lakini kuandikwa hakuzuii mvua.

Kisha twalikwenda Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwezi wa Juni 1873, Sayyid Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo. Aliyelisimamia ni Askofu Edward Steere. Alikufa mwaka 1882, na kaburi lake li nyuma ya madhabahu. Husimuliwa kwamba nguzo za upande wa mlango ziliwekwa kichwa chini na mafundi, Askofu alipokuwa safarini. Vijana walicheka sana.

Hawakucheka tuliposhuka katika vyumba vya chini vya nyumba iliyo jirani. Mwongozi alituambia kwamba humo watumwa walifungwa wakingoja kuuzwa. Kijana mmoja, ambaye wazee wake ni watu wa Nyasa, akauliza kwa adabu, "Nyumba hii ilijengwa lini?" Swali jema! Ilijengwa na misheni kuwa hospitali, baada ya soko kufungwa. Na wanahistoria wamekwisha kuonyesha kwamba habari ya vyumba vile haipatani na tarehe hiyo.

Jioni mwenzangu alinipinga. Alisema, mateso yalikuwa ya kweli, basi yafaa nini kubishana juu ya chumba? Mimi siafikiani naye. Katika miaka ya 1860 watu wapata 20,000 kwa mwaka waliletwa Unguja, wengi wao toka pande za Ziwa Nyasa, wakauzwa mchana, mahali pa wazi, mbele ya macho ya mji mzima. Jambo hilo ni zito kuliko giza la chumba. Tena mtoto akigundua kesho kwamba alidanganywa juu ya chumba, atalishuku na soko.

Yule kijana hakuwa na haja ya hoja zetu. Alikuwa amesimama kitambo penye shimo uani, zilipo sanamu tano za watumwa alizozifanya Clara Sörnäs mwaka 1998, shingo zimetiwa mnyororo. Kisha akatoa daftari, akamwomba mwongozi amtajie majina ya makabila yaliyoletwa sokoni. Mwongozi, mtu mwungwana, alitaja matatu, akasema mengine atamwuliza mzee wake. Nao wakapeana anwani.