Kijani Kilichojificha kwenye Weusi

Kutoka Voi hadi Mwatate ni mwendo mfupi wa matatu. Safari yenyewe huanzia hapo: pikipiki, vumbi jekundu, miiba ya migunga, na kijana wa boda anayesimulia habari za ndovu kwa raha kuliko unavyotaka kuzisikia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia machimbo ya Taita, na shabaha ilikuwa moja tu, kuiona tsavoraiti ikiwa bado mwambani. Hii ndiyo ganeti ya kijani, silikati ya kalsi na alumini, na inachimbwa katika nchi chache mno duniani.

Mwenyeji wangu, mzee aliyechimba tangu ujanani, hakunionyesha chochote cha kijani. Alinisimamisha kwenye ukuta wa shimo. "Pitisha kidole hapo, mwanangu." Kidole kilitoka cheusi, kikiteleza kama kimepakwa mafuta. Ni kinywe, madini yaleyale ya ndani ya penseli. "Pasipo weusi huu, usimwage jasho lako."

Wanajiolojia wangehitaji kurasa kadhaa kusema hivyo. Miaka zaidi ya milioni 500 iliyopita, matope ya bahari yenye mabaki ya viumbe yalibanwa na kupikwa ardhini pamoja na chokaa. Mabaki yakawa kinywe. Chokaa ikatoa kalsi. Tope likatoa alumini, silika na ile vanadi kidogo inayolipa jiwe rangi yake.

Mwamba ndio uliomwongoza hata Campbell Bridges, mjiolojia Mskoti. Aliiona ganeti hii Tanzania mwaka 1967, kisha akaufuata mkanda uleule wa miamba kuvuka mpaka, akaipata Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina la tsavoraiti, kutokana na Tsavo, lilitangazwa mwaka 1974. Bridges aliuawa hukuhuku Agosti 2009 katika mzozo wa machimbo.

Mzee akachokoa kwa tindo bonge la kijivu lenye ukubwa wa ngumi. Wachimbaji huyaita viazi. Alilipasua kwa pigo moja, na ndani kijani kikatokea, kizito, cha kupendeza macho. Nilitaka kushangilia. Yeye akakibonyeza kwa ukucha, kikamomonyoka punje punje. Viazi vingi ndivyo vilivyo, na ndiyo maana kipande safi cha kuzidi karati 2, yaani gramu 0.4, ni cha kutafutwa.

Kipande kidogo kilichosalia alikimulika kwa tochi, akakizungusha polepole. Kijani hakikubadilika upande wowote, na hiyo ndiyo tabia ya ganeti. Tomalini ya kijani, ambayo nayo hutoka sehemu hizi na kuwatia wengi hasara, ukiigeuza huonyesha vijani viwili, kimoja kizito kuliko kingine. Kioo cha chupa nacho hakibadiliki, lakini chini ya lenzi mara nyingi huwa na viputo vya duara, na tsavoraiti hukikwaruza bila taabu.

Basi ukiletewa jiwe la kijani kando ya barabara ya Voi, lizungushe kwenye mwanga kabla ya kuuliza bei. Na muulize muuzaji leseni yake, maana Kenya biashara ya madini bila kibali ni kosa la jinai.